Paa jeupe halitakuondolea faini peke yake, lakini lipake

Wiki iliyopita kaka mmoja anayesimamia jengo la ghorofa sita huko Queens, New York, aliniandikia: "Bodi yetu imepata mkandarasi anayesema tukipaka paa rangi nyeupe tutakuwa tumemalizana na Sheria Namba 97. Ni kweli?" Nilimpigia simu tukaongea, lakini maswali ya namna hii yamezidi. Tena ripoti ya hewa ukaa ya jengo ninalolihudumia Bronx, upande mwingine wa jiji, imetoka, tuko chini ya kikomo cha sheria hiyo, na kwa furaha niliyonayo siwezi kukaa kimya.

Si kweli, kaka. Ila lipakeni.

Kwa asiyeifahamu, Sheria ya Jiji Namba 97 ilipitishwa New York mwaka 2019, na inayagusa majengo mengi yanayozidi futi za mraba 25,000. Kila jengo limewekewa kikomo cha hewa ukaa kwa mwaka kuanzia 2024. Ukikivuka, kila tani ya ziada ni dola 268, na mwaka unaofuata hesabu inaanza upya. Kwa majengo ya makazi, kikomo kitakachoanza 2030 ni takribani nusu ya hiki cha sasa. Kwa hiyo hata aliyepona awamu hii asilale.

Mimi ndiye ninayeshika boila (mtambo unaopasha jengo joto wakati wa baridi), mabomba na funguo za jengo letu. Paa lilikuwa bapa, limefunikwa lami nyeusi, na kila kiangazi watu wa ghorofa ya juu walikuwa wananishika mkono ngazini kunilalamikia joto. Nililipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa bodi. Mjumbe mmoja akauliza mbele ya wapangaji ni nani aliyemwomba ushauri mtu wa kutoa takataka. Neno lile bado liko kifuani mwangu. Sikumjibu. Niliomba tu ruhusa ya kupaka kipande kidogo karibu na mlango wa ngazi, nikasubiri Julai.

Siku ya jua kali, saa nane mchana, nilimpandisha mwenyekiti wa bodi juu nikiwa na kipima joto cha miale, kile unachokielekeza kwenye kitu bila kukigusa. Lami ilisoma nyuzi 70 za Selsiasi. Kile kipande cheupe, hatua moja tu pembeni, kilisoma 41. Mwenyekiti hakuamini kifaa. Akainama, akaweka kiganja kwenye weupe, akakiacha pale. Kisha akakisogeza kwenye lami na kukiondoa papo hapo. Hakusema kitu mpaka tumefika chini, ndipo akaniuliza paa zima litachukua ndoo ngapi.

Mambo ya zabuni na vikao nayaruka, hayana faida kwako. Tulipaka.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapotapeliwa. Sheria haiangalii rangi ya paa. Inaangalia umeme, gesi, mafuta na mvuke vilivyotumika jengo zima, halafu inavigeuza kuwa tani. Hadi 2029, kilowati-saa 1,000 za umeme zinahesabiwa kuwa tani 0.289. Tuseme paa jeupe limeliokolea jengo kilowati-saa 10,000 za viyoyozi kwa mwaka. Hizo ni kama tani 2.9, yaani dola zisizofika 800 za faini. Ni pesa, lakini jengo lililovuka kikomo kwa tani mia halitaokoka nazo. Upande wa gesi, thermi 1,000 (thermi ni kipimo cha gesi kwenye bili) ni tani 5.3, ambazo faini yake inapita dola 1,400. Boila kuukuu inaweza kuzipoteza thermi hizo bila mtu kujua, kwa sababu tu vidhibiti vyake vya joto vimeharibika na watu wanafungua madirisha Januari ili wapumue. Sisi tulishuka chini ya kikomo kwa sababu ya boila, vidhibiti na mabomba yaliyofunikwa vizuri. Paa lilichangia sehemu yake ndogo, na sitaruhusu mtu aizidishe ili auze rangi.

Kuna jambo moja bodi nyingi hazilijui: umeme wa viyoyozi vya wapangaji unaingia kwenye hesabu ya jengo hata kama bili wanalipa wenyewe. Kwa hiyo usiseme joto la ghorofa ya juu ni shida ya mpangaji.

Utaambiwa pia kuwa paa jeupe litakunyima joto la jua wakati wa baridi. Lipo hilo, lakini kwa New York ni dogo: jua la Desemba liko chini, mchana ni mfupi, na theluji ikishaanguka paa zote ni nyeupe. La kuuliza zaidi ni kama paa lako lina kizuia joto cha kutosha chini yake. Likiwa nacho kinene, rangi itaokoa umeme kidogo. Likiwa halina, utaiona tofauti kubwa, lakini ujue jengo hilo linavujisha pia joto la boila usiku kucha.

Kuhusu rangi yenyewe: ziba kwanza nyufa na safisha mifereji, kwa sababu rangi si dawa ya paa linalovuja. Rangi ya akriliki ni nafuu lakini haivumilii maji yanayotuama. Ya silikoni inayavumilia, ila inashika uchafu. Ukipewa karatasi ya vipimo, usisome namba ya kuakisi jua ya siku ya kwanza, soma ile ya baada ya miaka mitatu. Rangi mpya inaweza kuakisi asilimia 80 ya mwanga wa jua au zaidi, kisha masizi ya jiji yanaanza kazi yake. Na kama mpango ni kuvua paa lote na kulijenga upya, zungumza na mhandisi mapema, kwa sababu Sheria Namba 92 na 94, zilizoanza Novemba 2019, zinadai paneli za jua au mimea juu ya paa la namna hiyo. Ukiweka paneli, weupe hauendi bure, kwa kuwa paneli hupoteza nguvu kadiri zinavyopata joto.

Majengo ya makazi nafuu na ya mashirika yasiyo ya faida yaulizie mradi wa jiji wa NYC CoolRoofs. Upo tangu 2009, hupaka bure au kwa gharama ndogo, na unawafunza kazi watu wanaotafuta ajira.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaokaa kwenye bodi. Idara ya Afya ya jiji inakadiria kuwa zaidi ya watu 500 hufa kabla ya wakati wao kila kiangazi hapa New York kwa sababu ya joto, na wengi wa wanaouawa na joto moja kwa moja hukutwa majumbani bila kiyoyozi. Bibi wa ghorofa yetu ya juu aliniambia sasa analala chumbani kwake, si sebuleni karibu na dirisha. Hilo halimo kwenye fomu yoyote ya ripoti ya hewa ukaa tunayopeleka jijini kila Mei 1. Mnapiga kura ya paa kwa kutazama faini tu, na mnaoishi ghorofa ya pili hamjawahi kupanda kule juu saa nane mchana. Pandeni. Mwiteni anayewafungulia boila, mmuulize anachokijua, na jibu lake mliandike kwenye kumbukumbu za kikao.

Kaka wa Queens, kabla hujamsainia yule mkandarasi, kusanya bili za gesi na umeme za mwaka mzima, za jengo lote. Mwambie aandike kwa maandishi ni kilowati-saa ngapi paa litaokoa, kisha zidisha mwenyewe kwa 0.000289 upate tani. Akikataa kuandika, tafuta mwingine. Na kama mmechelewa mwaka huu, subirini baridi ipite na hewa ipate joto, kwa sababu rangi nyingi zinahitaji paa kavu na hewa iliyozidi nyuzi 10 ili zishike.