Umeokota kobe mng'ataji? Soma kabla hujamweka kwenye beseni

Mwisho wa Agosti ukikaribia, simu yangu huanza kuingia picha zinazofanana: kiganja cha mtoto, na juu yake kakobe keusi kenye mkia mrefu, kadogo kuliko kiganja chenyewe. Ni kitoto cha kobe mng'ataji (kwa Kiingereza, snapping turtle), kobe wa majini wa Amerika Kaskazini. Wanaonitumia wengi ni Waswahili wenzangu tunaoishi huku Minnesota, Marekani, wakiuliza, "Dada, tumlishe nini?" Nami huwauliza: mmemtoa wapi, na lini? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama kobe huyo atarudi bwawani kwake au hatarudi tena.

Elewa kwanza kwamba mtoto huyo hajapotea. Mama yake alitoka majini kati ya mwisho wa Mei na Juni, akachimba shimo kwenye udongo laini au changarawe kando ya barabara, akataga mayai, mara nyingi 20 hadi 40, akafukia na kuondoka. Kobe mng'ataji halei watoto. Baada ya takriban miezi mitatu, vitoto hujifukua na kuanza safari ya kutafuta maji. Ukimkuta kwenye maegesho ya magari, yuko safarini.

Kwa hiyo kama umemwokota leo, mrudishe leo. Mpeleke kwenye maji yaliyo karibu zaidi na ulipomkuta, pembeni penye majani na kina kifupi, umweke ukingoni aingie mwenyewe. Usimtupe katikati ya ziwa. Usihangaike kumlisha, kwa sababu huanguliwa akiwa bado na akiba ya kiini cha yai tumboni. Na tafadhali usimpeleke kwenye ziwa zuri la mbali ulikowahi kwenda pikiniki. Kila bwawa lina magonjwa yake, na wewe hutaki kuwa mchukuzi wa magonjwa hayo.

Wengi wa vitoto hivyo wataliwa na rakuni, mbweha, ndege na samaki. Najua inauma kusikia hivyo, hasa mtoto wako akiwa amesimama pembeni. Lakini spishi hii imeishi hivyo siku zote: vitoto wengi hufa, na wachache wanaokua huishi muda mrefu mno. Katika hifadhi ya Algonquin, Kanada, kobe hawa wamefuatiliwa tangu 1972, na watafiti wanakadiria kuwa baadhi wanaweza kupita miaka 100. Ndiyo maana jike mmoja mzima akigongwa na gari, hasara yake ni kubwa kuliko vitoto kadhaa wakiliwa.

Huyo jike mzima ndiye ninayetaka umsaidie. Ukimkuta barabarani mwezi Juni, na ni salama kusimamisha gari, mvushe kuelekea upande aliokuwa anaelekea. Ukimrudisha alikotoka, atageuka na kuanza upya. Usimwinue kwa mkia hata kidogo, maana unaweza kumvunja uti wa mgongo. Shingo yake ni ndefu na hufika nyuma pembeni mwa gamba, basi usimshike ubavuni pia. Mimi huvuta kapeti la gari, nikamsogeza juu yake kwa koleo la theluji, kisha nikamburuta taratibu hadi ng'ambo. Anang'ata kwa sababu gamba lake la tumboni ni dogo na hawezi kujificha ndani kama kobe wengine. Akiwa majini, kwa kawaida hukukimbia.

Ukigundua mayai shambani kwako, yaache na usiyageuze, kwani yai la kobe likigeuzwa siku kadhaa baada ya kutagwa, kiumbe kilichomo kinaweza kufa. Funika kiota kwa wavu wa chuma dhidi ya rakuni, ukiacha nafasi pembeni za vitoto kutokea.

Sasa tuje kwa aliyekwisha kufugwa. Ninaye mmoja, kwa kibali cha jimbo. Alitoka kwa familia iliyokuwa inahama, akiwa amelelewa kwenye beseni kwa nyama ya kusaga tu, bila taa ya UVB, ile inayotoa miale kama ya jua. Gamba lake lilikuwa laini na limepinda, na halitanyooka. Kumtunza ni kazi: tangi kubwa, chujio lenye nguvu, minyoo, samaki wadogo, majani ya majini, na maji ya kubadilisha hata siku umechoka. Mkubwa hufika kilo 15 na zaidi. Kuna pia salmonela, bakteria wanaobebwa na kobe na wanaoweza kumharisha mtu. Tangu 1975 serikali ya Marekani imekataza kuuza kama mnyama wa nyumbani kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, kwa sababu watoto wadogo walikuwa wanaugua. Nawa kwa sabuni kila unapomgusa, na usioshe tangi kwenye sinki la jikoni.

Huyu wangu sitamwachia porini, na nakusihi nawe usimwachie wako. Kobe wa mwituni hupitisha majira ya baridi chini ya barafu, miezi kadhaa bila kupumua hewa. Aliyekulia kwenye joto la sebuleni, ukimtupa ziwani Oktoba, unampeleka kufa. Akipona, anaweza kuwaambukiza wenzake virusi alivyopata nyumbani. Nawe unayesoma ukiwa Ulaya au Ghuba, kobe huyu si wa huko kabisa. Japani waliletwa kama wanyama wa kufugwa, wakatupwa, na sasa wanazaliana katika kinamasi cha Inba, mkoa wa Chiba.

Piga simu kwa idara ya wanyamapori ya jimbo lako, au kituo chenye leseni ya kutibu wanyama, na useme ukweli wote: amekaa nawe muda gani, amekula nini, amechanganyika na kobe gani wengine. Wao ndio wataamua.

Aliyegongwa naye mpeleke huko huko, hata gamba likiwa limepasuka, kwa maana hutibika. Mweke kwenye boksi kavu lenye matundu, bila maji wala chakula. Jike akiwa amekufa, mpeleke pia upesi, kwani mayai tumboni yanaweza kuokolewa na kuanguliwa. Andika mahali hasa ulipomkuta, jina la barabara na makutano ya karibu, maana akipona ndipo atakaporudishwa.