Nilitunza mbegu za boga kubwa, mbona nimevuna madogo?

SWALI: Mwaka jana nilipata boga la kilo kama 9. Nikakausha mbegu zake na kuzipanda zote. Safari hii nimevuna mchanganyiko: ya mviringo, marefu, na mengi ni madogo. Je, mbegu zimechoka? (Mkulima, Kilosa)

JIBU: Hazijachoka, ndugu yangu. Ulimchagua mama, baba hukumjua. Nyama ya boga ni ya mama mtupu. Chavua, yaani unga wa njano wa ua dume, iliyotoka shamba la jirani haibadilishi umbo la tunda msimu ule. Baba anajificha ndani ya mbegu, na utamwona ukishaipanda. Anayemleta ni nyuki, naye hajui mpaka wa shamba.

Halafu ulichagua tunda badala ya shina. Boga moja kubwa huenda lilikuwa peke yake kwenye shina lililoota palipokuwa na zizi, penye mbolea nyingi. Pita shambani mapema, funga kitambaa kwenye mashina yenye matunda mengi mazuri na majani yasiyo na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Hayo mwambie na mama watoto asiyachume majani ya mboga.

Sasa kazi yenyewe ya kumchagua baba. Jioni tafuta ua jike, lile lenye kiboga kidogo chini yake, ambalo ncha imeanza kuwa njano lakini halijafunguka. Lifunge uzi nchani ili nyuki asiingie. Funga pia maua dume mawili matatu ya shina jingine lenye kitambaa. Kesho yake alfajiri chuma dume, nyofoa petali zake (vile vijani vya njano), fungua jike taratibu, upake ule unga wa njano kwenye kitovu chake kinachonata. Lifunge tena, kisha weka utepe kwenye kikonyo ili usije ukasahau ukalipeleka sokoni. Ukifika saa nne umechelewa, maua yameanza kusinyaa. Ua ulilolikuta limeshafunguka liache, nyuki amekutangulia.

Boga la mbegu likomae shambani kabisa, kisha likae ndani wiki tatu hivi kabla ya kulipasua. Mbegu huendelea kujaa. Changanya mbegu za mashina matano au zaidi, na urudie uchaguzi huu kila msimu.

Ila kama boga lako la kilo 9 lilitoka kwenye pakiti ya chotara, yaani mbegu ya kupandisha aina mbili tofauti, watoto wake wangetofautiana hata kama chavua ya jirani isingefika. Hapo una njia mbili: kununua pakiti mpya kila msimu, au kuanza kuchagua kutoka kwenye huo mchanganyiko ulio nao sasa.