Tazama kilicho pembeni: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Swali lenyewe si la kujibiwa kwa mistari miwili ya simu, ndiyo maana nimekaa kitako nikuandikie. Unasema kazini mmebishana. Mmoja anashikilia kwamba dereva wa langalanga, yaani Formula 1, ndiye fundi wa mafundi. Mwingine anasema hao wanazunguka juu ya zulia la lami, na dereva hasa ni wa Safari Rally. Wa tatu akawanyamazisha nyote kwa video za mbio za pikipiki za kisiwa cha Isle of Man. Unataka niamue ipi ina ufundi zaidi na ipi ina hatari zaidi. Halafu mwishoni, kama mtu anayekumbushia chumvi dukani, ukachomeka kwamba rafiki yako amekuomba ukae kiti cha pembeni umsomee noti, yale maelezo ya kona zinazokuja, kwenye rali ya klabu. Nimeliona hilo. Nitalifikia.

Naanza na hatari, kwa sababu ina hesabu. Gari la kilomita 180 kwa saa linakata mita 50 kila sekunde. Likiacha njia likaingia kwenye changarawe, likasimama baada ya mita 60, mwili wa dereva unabeba nguvu ya kama mara 2 ya uzito wake. Likigonga ukuta wa matairi unaobonyea mita 3, ni kama mara 42. Likigonga mti, bodi ikajikunja sentimita 60 tu, ni zaidi ya mara 200. Mwendo ni uleule na dereva ni yuleyule. Kwa hiyo ukitaka kujua mchezo upi unaua, achana na spidomita, tazama kuna nini mita 10 nje ya kona.

Mfano mzuri ni Robert Kubica wa Poland, maana mtu huyo mmoja aligonga vibaya katika michezo miwili. Mwaka 2007 pale Montreal gari lake la langalanga liliacha njia likagonga ukuta wa zege kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, likabiringika vipande vikitawanyika. Alitoka na mtikisiko wa ubongo na kifundo cha mguu kilichoteguka, akakosa mbio moja tu. Februari 2011 akaenda kushiriki rali ndogo huko Italia, barabara za vijijini. Gari likagonga reli ya chuma ya kando ya barabara, reli ikapenya ndani kama mkuki na karibu imkate mkono wa kulia. Ilimchukua mpaka 2019 kurudi kwenye langalanga. Navigeta wake aliyekaa kiti cha pili hakuumia. Katika rali sentimita chache ndizo zinazogawa bahati, na hilo halina ufundi ndani yake.

Sasa langalanga. Usalama wake umejengwa kwa makaburi, tuseme hivyo. Baada ya madereva Ratzenberger na Senna kufa wikendi moja pale Imola, Italia, mwaka 1994, viwanja vilichimbwa upya, nafasi za gari linaloacha njia zikapanuliwa, na chumba cha dereva kikaimarishwa. Tangu 2018 kuna ule upinde wa titani juu ya kichwa, unaitwa halo, ambao wengi waliuchukia kwa sura yake. Novemba 2020 huko Bahrain, Romain Grosjean alipasua reli ya chuma, gari likakatika vipande viwili na kuwaka. Alikaa ndani ya moto kama sekunde 28, akatoka na mikono iliyoungua. Bila ule upinde, reli ingemkuta kichwani. Na kifo cha mwisho kilichotokana na ajali ya mbio za langalanga, cha Jules Bianchi, kilianzia Suzuka, Japani, 2014 alipogonga trekta la kuondolea magari lililokuwa kazini kandokando ya njia. Unaona tena? Kilicho pembeni.

Ufundi wa langalanga uko kwenye breki kuliko kwenye usukani, na hapa ndipo wenzako wanapokosea wanaposema dereva amekaa tu. Chukua kona ya kwanza ya uwanja wa Monza, Italia. Dereva anafika akiwa na kilomita 340 kwa saa, na ndani ya takriban sekunde 3 lazima awe chini ya 100. Anakanyaga pedali kwa nguvu inayozidi kilo 100, tena mguu mmoja, huku mwili wote ukivutwa mbele. Ugumu ni huu: gari hilo hukandamizwa chini na upepo, na upepo hukandamiza sana gari likiwa kasi. Kadiri linavyopunguza mwendo, mkandamizo unapungua na tairi linapoteza mshiko. Breki iliyokuwa sawa nusu sekunde iliyopita sasa imezidi. Inabidi aanze kwa nguvu zote, kisha aachie kidogo kidogo, huku anaanza kukata kona. Akichelewa kuachia, tairi la mbele linasimama kuzunguka na kuburuzika, linasagika sehemu moja na kupata bapa. Kuanzia hapo usukani unamtetemesha kila mzunguko mpaka abadilishe matairi. Kosa la kufumba na kufumbua, na mbio zake zimeharibika. Afanye hivyo karibu saa moja na nusu, kwenye joto, akitofautiana na mwenziwe kwa sehemu za kumi za sekunde. Ni ufundi mwembamba kama ncha ya sindano, lakini njia yenyewe ameipita mara mia, na haina punda.

Rali ni kinyume chake. Mkondo mmoja, yaani kipande cha barabara cha kushindania, dereva anaupita mara mbili katika siku za ukaguzi, kwa mwendo mdogo, kisha anaambiwa aukimbie. Pale Naivasha, Kenya, kwenye Safari Rally, kuna kingine: barabara unakutana nayo tena ikiwa si ileile. Asubuhi mkondo wa Kedong uko na vumbi laini kama unga wa ngano, ndilo wanaloliita feshfeshi. Gari la kwanza linapita, la kumi linapita, na vumbi linachimbika makorongo yanayofichua mawe. Mchana mkirudia mkondo uleule, mstari uliokuwa salama una jiwe la ukubwa wa sufuria katikati. Vumbi likiingia kwenye injini, injini inakosa pumzi. Ndiyo sababu ya lile bomba la hewa linalopanda kandokando ya kioo cha mbele, ambalo pia husaidia mkivuka maji. Mvua ya nusu saa ikinyesha, unga unakuwa sabuni.

Safari ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zamani ikienda maelfu ya kilomita kwenye barabara zilizo wazi kwa mabasi na ng'ombe. Siku hizi imekusanywa Naivasha na kandokando yake, tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Lakini somo lake halijabadilika tangu enzi za Joginder Singh, aliyeshinda mara 3, na Shekhar Mehta, mara 5: mshindi ni yule anayejua wapi asikimbie. Shokabu ikivuja au tairi likipasuka, kusimama kubadilisha gurudumu katikati ya mkondo kunakula kama dakika 2, na dakika 2 huzirudishi kwa ushujaa. Kimi Räikkönen, bingwa wa langalanga wa 2007, alihamia rali mwaka 2010 na 2011. Nafasi yake bora ilikuwa ya 5, na magari alivunja ya kutosha. Mikono alikuwa nayo. Kilichomgharimu kujifunza ni kuendesha kwa masikio, kwa kumsikiliza anayesoma noti.

Pikipiki zina sura mbili. Za uwanjani, MotoGP, zimefika kilomita 366 kwa saa pale Mugello mwaka 2023, lakini mwendeshaji akianguka mara nyingi anateleza kwenye changarawe, anasimama, anajipangusa. Tangu 2018 suti zao lazima ziwe na mfuko wa hewa unaofumka kabla hajagusa chini. Kuanguka kuko kwa aina mbili. Tairi la mbele likiteleza, pikipiki inalala na mtu anaburuzika nayo. Hiyo ni nafuu. Tairi la nyuma likiteleza naye akashtuka akafunga gesi ghafla, tairi linashika tena kwa kishindo, springi zinafyatuka na kumrusha juu kama ngumi. Hiyo ndiyo huvunja mitulinga. Kinachoua zaidi uwanjani ni kuangukia mbele ya wenzako. Marco Simoncelli alikufa hivyo Sepang mwaka 2011.

Isle of Man ni habari nyingine kabisa. Ni barabara ya umma iliyofungwa kwa muda, kilomita 60.7 kwa mzunguko, kona zaidi ya 200, zikipita katikati ya nyumba, kuta za mawe na nguzo za simu. Hakuna changarawe, hakuna wa kukusomea. Mwendeshaji amebeba noti zote kichwani, na Peter Hickman mwaka 2023 alikata mzunguko huo kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa. Wastani, mwanangu, pamoja na kona za kupinda goti. Zaidi ya waendeshaji 250 wamekufa kwenye njia hiyo tangu ilipoanza kutumika 1911. Hapo mwenzako wa tatu ameshinda ubishi wa hatari bila hata kuongeza neno.

Magari ya Marekani yanayozunguka duara nitayapita haraka. Watu huyadharau kwa kuwa yanakata kushoto tu, lakini pale Indianapolis yanapita kilomita 370 kwa saa, yamebanana, na ukuta uko mkono wa kulia muda wote. Dale Earnhardt alikufa Daytona 2001 kwa ajali ambayo ukiitazama huioni kubwa: kichwa kilirushwa mbele, mwili ukabaki kwenye mikanda, kitako cha fuvu kikavunjika. Kumbuka kifo hicho, kinakuhusu kuliko vingine vyote humu.

Basi uamuzi wangu: kwa hatari, Isle of Man kwanza na wengine wako mbali nyuma, kisha pikipiki za jangwani kama Dakar, kisha rali, langalanga nyuma kabisa. Kwa ufundi naiweka rali juu, na najua dereva wa langalanga angenicheka. Ila hoja yangu ni kwamba katika rali ufundi umegawanywa kwa watu wawili, na mmoja wao sasa anataka kuwa wewe.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Kabla hamjaandika noti hata moja, kubalianeni na rafiki yako namba zinamaanisha nini. Wengi huhesabu 1 mpaka 6, 1 ikiwa kona kali kabisa na 6 karibu mnyooko. Wengine hugeuza, na ndipo watu hupinduka. Mpito wa kwanza wa ukaguzi dereva anasema, wewe unaandika kwa penseli. Mpito wa pili wewe unasoma, yeye anasahihisha. Mstari utakuwa kama huu: "kushoto nne, juu ya kilele, themanini, kulia tatu inabana, usikate." Themanini ni mita. Kwa kilomita 120 kwa saa mnazimaliza chini ya sekunde 2 na nusu, kwa hiyo "kulia tatu" aisikie kabla hajamaliza ile kushoto. Gari liko kona hii, sikio liko kona ijayo. "Usikate" maana yake ndani ya kona kuna jiwe au mtaro. Ukilimeza neno hilo mmepoteza gurudumu. Kidole gumba kikae juu ya mstari unaousoma. Ukipotea, sema "nimepotea" papo hapo, apunguze, utafute daraja au geti ulilolichora ujishikize tena. Usikisie hata mara moja.

Vifaa. Kofia uliyonitumia picha yake ni ya pikipiki. Haikupimwa kwa moto, irudishe. Tafuta ya magari yenye lebo ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, na vishikizo vya HANS, ile kola inayokaa mabegani na kuzuia kichwa kisirushwe mbele. Ndiyo iliyokosekana kwa Earnhardt. Mikanda ina tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye lebo. Isome mwenyewe, usiambiwe. Ukifunga, anza na wa kiunoni, ukae chini juu ya mifupa ya nyonga na si tumboni, ukaze mpaka uumie kidogo. Wa mapajani ndio unaokuzuia usichomoke kwa chini. Wa mabegani mwisho, juu ya mabawa ya ile kola. Kisha jaribu kunyoosha mkono uguse kikata mkanda. Usipokifikia ukiwa umefungwa, kihamishwe.

Mkipata ajali na mko wazima, kazi ya kwanza ni yako: chukua pembetatu nyekundu, kimbia nyuma angalau mita 50, iweke pale, kisha waonyeshe wanaokuja kibao cha OK. Mtu akiumia, ni upande wa pili wa kibao, SOS.

Nitumie picha ya kile kizimba cha mabomba ndani ya gari la rafiki yako, hasa pale yanapoungwa sakafuni, na pale juu ya mlango wako. Nataka kuona weldingi kabla sijasema ndiyo.

Mama yako