Farasi wa 327

SWALI: Mwalimu, hujambo? Tuko watatu hapa Kisumu, na kila mmoja ameandika programu yake ya sataranji. Jumapili tunakutana kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, tunazipambanisha, na anayeshindwa ananunua chai na mandazi. Tangu Pasaka mwenzetu mmoja, Mluhya wa Kakamega, ananichapa kila wiki. Juzi programu yake ilikwama, akaniletea msimbo, yaani maandishi ya programu, nimsaidie. Nikakuta vitunda, vile vipande vidogo vya mbele, vimeitwa "nyathi", yaani mtoto kwa Kijaluo, kama nilivyoviita mimi kwenye programu yangu. Jamaa hajui Kijaluo hata salamu! Nikateremka chini: farasi, thamani 327. Hiyo ni nambari yangu ya shule ya upili. Nimwaibishe mbele ya wenzetu au ninyamaze? Mimi pia sehemu ya kutafuta hatua niliitoa Stockfish, ile programu maarufu ya sataranji, lakini hiyo si ni ya bure?
*Mwenye Uchungu, Kondele*

JIBU: Sijambo, kijana wangu. Hiyo "nyathi" imenichekesha mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Labda mwenzako alidhani ulikosea kuandika nyati.

Nilifundisha hesabu hapa Nakuru miaka 26, na walionakiliana niliwashika kwa makosa, si kwa majibu. Wawili wakipata 48, heko kwao. Wakikosea mstari wa tatu kwa namna ileile, basi waje ofisini. Hata programu zenu ni hivyo. Ukiiambia ihesabu njia zote za hatua tano tangu mwanzo wa mchezo, nyeupe tatu na nyeusi mbili, jibu sahihi ni 4,865,609 kwa kila mtu duniani. Aliyesahau kabisa sheria ya kula kitunda njiani, kile kilichoruka miraba miwili, hupata 4,865,351, na wanaoisahau ni wengi. Nambari hizo hazimshtaki mtu. Wala farasi wa 300 hamshtaki mtu: Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, aliandika mwaka 1950 malkia 9, ngome 5, askofu na farasi 3, kitunda 1 (programu nyingi huzidisha kwa mia, ndipo 3 ikawa 300), na tangu hapo sote tunachota kisima hicho. Lakini 327, tena pamoja na nyathi? Hapo sihitaji shahidi.

Sasa tuje kwako, maana umelitupa swali lako kubwa mwishoni kama mtu anayeficha mfupa. Leseni ya Stockfish, GPL, inakuruhusu kuichukua, kuibadilisha, hata kuiuza. Ukiichezesha peke yako chumbani hudaiwi kitu. Ila ukimpa mtu mwingine nakala, unampa na msimbo chini ya leseni ileile, na majina ya walioandika yanabaki.

Na huyu Mkakamega aliipata wapi nyathi kama hukumpa wewe? Kama ulimpa programu iliyochanganyika na Stockfish, basi leseni ilikutaka umpe na ruhusa ya kunakili, farasi na vitunda vyote. Hukuwa na mlango wa kumfungia. Kosa lake ni kufuta jina lako. Lakini hebu fungua faili lako uangalie: jina lako limeandikwa humo? La watu wa Stockfish je?

Stockfish yenyewe ilizaliwa kwa kunakili. Mwaka 2008 Marco Costalba wa Italia alichukua Glaurung, programu ya Tord Romstad wa Norwei, akaijenga upya kwa jina jipya, na jina la Romstad likabaki juu. Linganisha na Rybka, programu nyingine ya sataranji. Mwaka 2011 ICGA, chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, kiliinyang'anya mataji ya dunia ya 2007 hadi 2010, kikisema mwandishi wake, Vasik Rajlich, alitumia msimbo wa programu za wengine, Crafty na Fruit, bila kusema. Rajlich alikana, na watu wangali wanabishana. Nami sikushangazwa na kukopa. Nilishangazwa na fomu: kanuni iliruhusu msimbo wa wengine, mradi uwataje unapojiandikisha. Wino kidogo tu.

Kwa hiyo usimwaibishe mtu. Jumapili mwite kabla yule wa tatu hajafika, na ufungue kwanza faili lako wewe. Andika juu kabisa: sehemu ya kutafuta hatua imetoka Stockfish, leseni ni GPL. Akishaona hivyo, mwonyeshe 327 yake na umwambie nambari hiyo imetoka wapi. Asipoona haya hapo, basi yule wa tatu naye aambiwe.

Halafu muulize amebadilisha nini hata farasi wako mwenyewe akakupiga teke tangu Pasaka. Hicho ni chake, na ukikitaka, andika jina lake. Chai ya wiki zilizopita usimdai.