Upekuzi: kwa mnaoripoti kazini Dodoma

Wadogo zangu mnaoripoti Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, naona wengi mnauogopa upekuzi, yaani uchunguzi wa historia ya mtumishi kabla ya kuaminiwa na siri za ofisi, kama mtego. Nimekaa masjala ya siri, yanakotunzwa majalada ya siri, muda mrefu, na ninachowaambia ni hiki: mpekuzi hatafuti malaika. Anataka kujua kama kuna kitu ambacho mtu anaweza kukushikia ili umtolee siri za ofisi.

Ndiyo maana mikopo ya kausha damu inanitia hofu kuliko yote. Mshahara wa kwanza haujaingia, kijana ameshaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji. Mwezi wa tatu anaombwa kitu kidogo tu: aangalie barua fulani ya zabuni imefikia meza ya nani. Kama unadaiwa, sema unadaiwa. Deni linalojulikana halimpi mtu nguvu juu yako.

Fomu ya upekuzi ijazeni kwa ukweli, hata chumba cha Nkuhungu ulichopanga miezi michache kiandike. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi na kitambulisho cha NIDA kinasema Khamis, tafuta hati ya kiapo mapema. Vyeti vya shule ndiyo usiseme. Aprili 2017, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wamo waliokuwa wamelitumikia taifa miaka mingi, na bado waliondoka.

Fomu yenyewe nayo ni siri. Marekani, mwaka 2015, ilitangazwa kwamba wadukuzi wameiba taarifa za upekuzi za watu milioni 21.5: madeni, ndugu, hata alama za vidole za baadhi yao. Mwaka 2019 kazi ya upekuzi ikahamishiwa kwa wakala ulio chini ya Wizara ya Ulinzi, DCSA. Basi usiipige picha fomu yako ukamtumia rafiki akusaidie kujaza.

Ukishapita, upekuzi haujaisha. Jalada lenye mhuri wa SIRI halilali mezani, mtu haendi nalo kula, na linapotoka mkono hadi mkono linasainiwa. Yaliyomo hayazungumzwi kwenye daladala ya kurudi mjini. Na bosi wa idara nyingine akikuuliza habari zake, msalimie kwa heshima, kisha mpeleke kwa mkuu wa masjala.