Kufunga Goli Katika Mpira wa Pete: Stadi Funge au Stadi Wazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba kufunga goli katika mpira wa pete ni stadi funge, kwa kuwa mfungaji husimama na kulenga pete isiyosogea. Kwa sababu hiyo, mazoezi yetu yamekuwa ya kurudia mtupo uleule kutoka mahali palepale. Mazoezini wafungaji wangu hawakosi, lakini kwenye mechi za UMISSETA, yaani mashindano ya shule za sekondari Tanzania, mipira mingi hugonga chuma na kurudi. Je, uainishaji huo ni sahihi? Na wanafunzi waandike nini kwenye mtihani?

JIBU: Mwalimu, uainishaji wako una msingi, lakini unatazama pete na kumsahau mlinzi. Mgawanyo wa stadi wazi na stadi funge ulianzishwa mwaka 1957 na Poulton, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliyekuwa akizungumzia kazi za viwandani. Barbara Knapp ndiye aliyeuhamishia michezoni mwaka 1963, na alilolifanya la maana zaidi ni kuzipanga stadi kwenye mstari mmoja mrefu badala ya kuzitenga katika makundi mawili. Kwenye ncha moja ya mstari huo, ya stadi funge, mazingira hayabadiliki na mchezaji mwenyewe huamua aanze lini. Kwenye ncha ya pili, ya stadi wazi, mpira, wapinzani na wenzake humlazimisha abadili mwendo papo kwa papo. Stadi nyingi ziko mahali fulani katikati.

Kurusha mkuki kuko karibu sana na ncha ya stadi funge, kwa sababu hakuna mpinzani anayemzuia mrushaji. Kwa maoni yetu, hilo ni sehemu ya sababu iliyomwezesha Julius Yego wa Kenya kujifunza mengi kwa kutazama video za warushaji wengine kwenye intaneti, kisha akatwaa ubingwa wa dunia jijini Beijing mwaka 2015 kwa mtupo wa mita 92.72. Mlinzi anayetaka kujifunza kukata pasi hawezi kutegemea njia hiyo kwa kiwango hicho, kwani pasi atakayokutana nayo uwanjani haifanani na aliyoiona jana.

Sasa mtazame mfungaji wako. Pete iko mita 3.05 kutoka ardhini na haisogei. Hapo una haki. Lakini kabla ya kutupa ni lazima ajitenge na mlinzi, apokee pasi inayotoka upande wowote, atue bila kukiuka kanuni ya hatua (inayomzuia kutembea na mpira mkononi), kisha autoe mpira ndani ya sekunde 3, huku mlinzi aliyesimama umbali wa mita 0.9 tu akiwa amemnyooshea mikono juu ya mpira. Anaweza kutupa kutoka popote ndani ya nusu duara lenye nusu kipenyo cha mita 4.9, kwa hiyo hata umbali na pembe hubadilika. Linganisha na mtupo huru wa mpira wa kikapu, unaotupwa daima kutoka mita 4.6 pasipo mtu wa kuuzuia: mitupo hiyo miwili inafanana kwa mkono, lakini haikai mahali pamoja kwenye mstari.

Tena hata ndani ya mpira wa pete wenyewe kufunga goli husogea kwenye mstari huo. Inapotolewa adhabu, mlinzi aliyefanya kosa husimama kando bila kushiriki mpaka mpira utoke mkononi mwa mfungaji, na kama hakuna mlinzi mwingine wa kuzuia, mtupo huo hukaribia kuwa stadi funge kamili.

Kwa hiyo usiyaache mazoezi ya kurudia, kwa sababu ndiyo yanayojenga mkono na viganja, hasa kwa mwanafunzi anayeanza. Mtupo ukishatulia, ongeza pasi kabla yake, badilisha mahali pa kutupia kila baada ya mtupo mmoja, weka mlinzi mwenye mikono juu, na mtu ahesabu sekunde kwa sauti. Magoli ya mazoezini yatapungua mwanzoni. Usilichukulie hilo kuwa dalili mbaya, maana sasa wafungaji wanafanya mazoezi ya kitu watakachokutana nacho kwenye mechi.

Kuhusu mtihani, mwanafunzi aandike kwamba kufunga goli kunaelekea upande wa stadi funge, kisha ataje hali inayokusogeza upande wa pili, yaani mlinzi, muda na pasi. Kwa vigezo vingine jibu ni rahisi zaidi: goli lina mwanzo na mwisho unaoonekana, tofauti na kukimbia, ambako ni stadi endelevu, au miruko mitatu, ambayo ni vitendo kadhaa vilivyofuatana kwa mpangilio maalumu. Jibu la neno moja lisilo na sababu lisipewe alama zote.