Panya wa letrozoli au sindano ya estradioli?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Kisumu. Ninakusudia kuchunguza iwapo dondoo ya majani ya mlonge huwasaidia panya wa kike wenye vifuko vingi kwenye ovari na homoni zilizovurugika. Ili kuwasababishia panya hali hiyo, msimamizi wangu anapendekeza dawa ya letrozoli, ilhali mwenzangu anashikilia kwamba sindano moja ya estradioli valerati, aina ya estrojeni (homoni ya kike), ni nafuu. Nifuate lipi, na nitajuaje kwamba hali hiyo imewapata panya kweli?

Jibu: Mfuate msimamizi wako, dada. Estradioli valerati huvuruga mzunguko na kuacha vifuko kwenye ovari, lakini haina uhakika wa kupandisha androjeni (homoni za kiume kama testosteroni), na androjeni zilizozidi ndizo kiini cha tatizo kwa wanawake wengi wenye hali hii. Letrozoli hukizuia kimeng'enya cha aromatasi kinachogeuza androjeni kuwa estrojeni. Kwa hiyo testosteroni hurundikana, na kwa kuwa estrojeni iliyokuwa ikiizuia tezi ya pituitari imepungua, homoni ya LH, ambayo tezi hiyo huituma kuichochea ovari, nayo hupanda. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa muda wa siku 21, panya akinyweshwa kwa mrija hadi tumboni. Kundi la ulinganisho linyweshwe kile kimiminika cha kuchanganyia dawa, bila letrozoli.

Usitarajie makubwa upande wa sukari, kwani panya wazima wa letrozoli si lazima wapate usugu wa insulini, yaani mwili kutoiitikia insulini ipasavyo. Kama huo ndio moyo wa utafiti wako, afadhali dihidrotestosteroni, androjeni nyingine, inayopandikizwa chini ya ngozi kabla ya balehe, ingawa huko LH haipandi.

Kuhusu uthibitisho, chukua majimaji ya uke kila asubuhi saa ile ile kwa tone la maji ya chumvi, uyatazame kwa hadubini. Panya mwenye afya humaliza mzunguko kwa siku 4 hadi 5: utaona seli za mviringo zenye kiini, kisha seli bapa zilizokauka zisizo na kiini, na baadaye chembe nyeupe ndogo ndogo zikitawala. Panya ambaye chembe nyeupe hazimwondoki siku baada ya siku amekwama. Asiyekwama usimwingize katika hatua ya tiba, hata kama idadi itapungua. Pima pia testosteroni kabla ya kuanza dondoo, wala usingoje hadi siku ya kuwachinja.

Jambo linaloharibu kazi nyingi za namna hii ni kusahau kwamba letrozoli ikisimamishwa, mzunguko unaweza kurejea wenyewe. Ukiacha dawa siku ya 21, ukaanza mlonge siku ya 22, kisha ukaona korpusi lutea mpya (alama inayobaki yai likishatoka) kwenye vipande vya ovari, huna njia ya kujua kama ni kazi ya majani au ya muda. Tenga kundi lililopewa letrozoli kisha likanyweshwa maji matupu kwa muda ule ule wa tiba, au uendelee na letrozoli sambamba na dondoo. Mimi ningefanya yote mawili, kama vizimba vinatosha. Makundi hayo yaandikwe tangu mwanzo katika ombi lako kwa kamati ya maadili, maana kuongeza panya baada ya kibali kutoka ni safari nyingine.